Vidole vya Leborgne: Historia ya Kuzungumza na Aliyepotewa na Maneno

Afasia ni hali ya mtu kupungukiwa au kupotewa kabisa na uwezo wa kutumia lugha, iwe kwa kusema, kuelewa, kusoma au kuandika, baada ya kuumia kwa zile sehemu za ubongo zinazoshughulikia lugha, na kisababishi chake kikuu ni kiharusi, yaani kuzibika au kupasuka kwa mshipa wa damu ndani ya ubongo. Haifanani na ububu wa kuzaliwa, kwa kuwa mwenye afasia alikuwa msemaji kama wengine hadi siku alipougua. Wala si upunguani, kwa kuwa kwa kawaida anawafahamu watu wake, anakumbuka nani anamdai na nani anadaiwa naye, na hutambua upesi anaposemeshwa kama mtoto. Historia ya hali hiyo imezoeleka kuandikwa kama historia ya ubongo, ikihesabu madaktari waliopasua mafuvu ya wafu na kuonyesha mahali palipoharibika. Historia ya pili, ile ya namna watu wa nyumbani walivyozungumza na mgonjwa, imepewa kurasa chache, ingawa ushahidi wake umo ndani ya maandishi yaleyale ya madaktari, pembezoni, katika sentensi ambazo waandishi wenyewe waliziona ni za kupitia tu. Ushahidi huo ukisomwa kwa makini, unaonyesha kwamba mbinu zinazofundishwa leo kwa familia zilikuwapo tangu mwanzo mikononi mwa wagonjwa, na kwamba taaluma ilihitaji zaidi ya miaka 100 kuziona, tena kwa kusukumwa na wake, waume na majirani.

Kutojulikana kwa historia hiyo ya pili hakukuwa kwa sababu ya uchache wa wagonjwa. Hati ya tiba ya Misri ya kale, ambayo leo huitwa mafunjo ya Edwin Smith na ambayo ilinakiliwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, inamtaja majeruhi wa kichwa asiyeweza kusema, na tangu hapo habari za namna hiyo hazikukatika. Kilichokosekana ni mgonjwa wa kueleza mambo yalivyo upande wa ndani, na kwa bahati mmoja wa waliofanya hivyo mapema alikuwa mtu wa maneno hasa, Samuel Johnson wa London, mtunzi wa kamusi ya Kiingereza ya mwaka 1755. Usiku wa tarehe 17 Juni 1783 Johnson aliamka akiwa amepatwa na kiharusi, na kwa kuhofia akili yake alitunga sala fupi kwa mashairi ya Kilatini ili aipime. Alipoona kwamba mashairi si mazuri sana, na kwamba yeye mwenyewe anatambua kuwa si mazuri, aliamua kwamba akili yake ni nzima na kilichoondoka ni sauti. Alikunywa mvinyo akitumaini kuufungua ulimi, haikusaidia, akalala tena. Kulipokucha aliandika kijibarua cha kumwita jirani yake Edmund Allen, mkono ukikosea herufi hapa na pale, na katika barua aliyomwandikia rafiki yake Bibi Thrale siku mbili baadaye alieleza jambo ambalo kwa historia hii lina uzito kuliko mashairi yake: mtumishi aliingia chumbani akizungumza kama kawaida ya kila asubuhi, na hakuelewa mara moja kwa nini anakabidhiwa karatasi asome badala ya kuambiwa. Picha hiyo ya mzima anayeendelea kusema na mgonjwa anayenyoosha karatasi ingejirudia katika nyumba nyingi. Johnson alirudiwa na kauli ndani ya siku chache. Wengi hawakuwa na bahati hiyo.

Tukio linalotajwa na kila kitabu cha taaluma hii lilitokea Bicêtre, hospitali kubwa nje kidogo ya Paris, mwezi Aprili 1861, wakati mgonjwa aitwaye Louis Victor Leborgne alipohamishiwa wadi ya daktari wa upasuaji Paul Broca kwa sababu ya mguu uliokuwa ukioza. Leborgne alikuwa na umri wa miaka 51, na kabla ya kuugua alikuwa fundi wa kuchonga kalibu za mbao zinazotumiwa na washona viatu. Karibu kila alichoulizwa alikijibu kwa silabi moja iliyorudiwa mara mbili, tan tan, hata hospitali nzima ikamwita Tan. Tarehe 17 Aprili alifariki, ubongo wake ukatolewa na kuonyeshwa mbele ya Chama cha Anthropolojia cha Paris, na sehemu iliyoharibika, upande wa kushoto mbele, ikaja kuitwa eneo la Broca. Broca aliiita hali yenyewe afemia. Mwaka 1864 Armand Trousseau alipendekeza jina la afasia, lililoundwa kutokana na Kigiriki, na hilo ndilo lililobaki.

Hata hivyo, zile siku chache kabla ya kifo zinastahili kutazamwa kwa karibu zaidi kuliko ubongo wenyewe. Broca alimuuliza Leborgne amekaa Bicêtre miaka mingapi, naye, kwa kuwa mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kupooza, alikunjua kiganja cha kushoto mara 4 mfululizo, kisha akaongeza kidole kimoja: miaka 21, jibu lililokuwa sahihi kabisa. Kesho yake akaulizwa swali lilelile akajibu vilevile. Alipoulizwa kwa mara nyingine alitambua kwamba anajaribiwa tu, akapandwa na hasira na kutoa lile tusi moja ambalo ulimi wake ulikuwa bado unaliweza. Wagonjwa wenzake walimwona ni mtu mkorofi na mwenye kisirani, na Broca mwenyewe aliandika kwamba hasira yake kwa kawaida ilizuka pale ishara zake ziliposhindwa kueleweka. Kwa maneno mengine, daktari alikuwa ameandika, bila kukusudia, kanuni nzima ya kuishi na mwenye afasia: mkono unajibu pale ulimi unaposhindwa, na ukali wa mgonjwa mara nyingi ni kilio cha mtu asiyeeleweka. Aliiandika, akaiacha hapo, akaendelea na fuvu.

Miezi michache baadaye alipatikana mgonjwa wa pili, mzee wa miaka 84 aliyejulikana kwa jina la Lelong, ambaye maneno yake yote yalikuwa 5: la ndiyo, la hapana, la daima, jina lake mwenyewe lililokatika mwishoni, na neno moja la kutajia idadi, nalo ni tatu, tena likiwa limepotoka kidogo. Alipoulizwa ana watoto wangapi alisema tatu huku akiinua vidole 4. Wa kiume wangapi, akasema tatu na kuinua vidole 2. Wa kike wangapi, tatu tena, na vidole 2. Hesabu ya vidole ilikuwa sahihi na ya mdomo ilikuwa na makosa, hivyo aliyemsikiliza tu aliondoka na uongo, na aliyemtazama aliondoka na ukweli.

Nyumbani na hospitalini watu waliendelea kusikiliza mdomo. Mfano unaojulikana zaidi ni wa mshairi Charles Baudelaire, aliyepatwa na kiharusi nchini Ubelgiji mwezi Machi 1866 na kubakiwa na kifungu kimoja tu, ufupisho wa kiapo cha Kifaransa kinacholitaja jina la Mungu kwa namna ya matusi. Alipolazwa Brussels katika taasisi iliyoendeshwa na watawa, kifungu hicho kiliwachukiza masista hao, waliokisikia kama kufuru ya makusudi. Mama yake, Bibi Aupick, alikwenda kumtunza, na baadaye mshairi akahamishiwa kliniki moja ya Paris ambako marafiki walimtembelea na kumpigia muziki wa Wagner kwa piano. Nadar, mpiga picha mashuhuri na rafiki yake wa siku nyingi, alisimulia baadaye jinsi walivyobishana juu ya kuwapo kwa Mungu, Nadar akitoa hoja na Baudelaire akijibu kwa kuinyooshea mkono mbingu iliyowaka rangi za machweo, huku akirudia kifungu kilekile. Na Nadar, kwa kuwa alimjua mtu huyo kabla ya ugonjwa, aliuelewa mjadala wote. Masista na rafiki walisikia sauti ileile. Baudelaire alifariki tarehe 31 Agosti 1867.

Maelezo ya kitaalamu ya kwa nini tusi hubaki wakati jina la maji limepotea yalitolewa London na daktari John Hughlings Jackson, aliyetenga usemi wa kujiendea wenyewe na usemi wa kuunda kauli mpya. Usemi wa kwanza ni ule uliozoeleka hata ukawa kama mwendo wa miguu: viapo, sala, kuhesabu, maamkizi, nyimbo; wa pili ni ule wa kupanga maneno kwa haja ya wakati huo, na huo ndio afasia inaouvunja zaidi. Tofauti hiyo ina maana kubwa katika nyumba za Waswahili, ambako siku huanza kwa mfululizo wa maamkizi yenye majibu yake maalumu. Mzee aliyeitikia marahaba bila kusita, akamaliza na dua, kisha akashindwa kusema anataka uji au chai, anaweza kudhaniwa kwamba amenuna, au kwamba maneno anayo ila anawanyima watu, ilhali kilichotokea ni kwamba marahaba ilijitokea yenyewe kwa njia ambayo uji hauwezi kuipita.

Swali jingine ambalo familia zililiuliza kabla ya madaktari ni la lugha gani itumiwe kwa mgonjwa aliyekuwa akizungumza lugha mbili au tatu. Mwaka 1881 Mfaransa Théodule Ribot, katika kitabu chake juu ya magonjwa ya kumbukumbu, alidai kwamba kilichojifunzwa kwanza ndicho kinachodumu zaidi, jambo lililotafsiriwa kwamba lugha ya mama ndiyo itakayorudi kabla ya nyingine. Mwaka 1895 Albert Pitres wa Bordeaux alidai kwamba inayorudi kwanza ni ile iliyokuwa ikitumika zaidi siku za karibu na ugonjwa. Kanuni zote mbili zimekutana na wagonjwa wasiozitii, na uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba mara nyingi lugha hurudi sambamba. Kwa mtu aliyelelewa kwa Kichaga au Kijaluo, akasoma kwa Kiingereza na kufanya biashara kwa Kiswahili, hakuna kanuni inayoweza kuamua badala ya nyumba yenyewe, na watu wa nyumbani ndio wanaoweza kujua ni lugha ipi aliitumia kukemea, ipi kuomba na ipi kupangia bei.

Vita viwili vikuu vya dunia viliibadilisha taaluma haraka, kwa kuwa risasi na vipande vya mabomu vilileta hospitalini maelfu ya vijana waliopotewa na lugha wakiwa na miaka mingi ya kuishi mbele yao. Kurt Goldstein mjini Frankfurt baada ya 1914, na Alexander Luria katika hospitali ya milima ya Urali wakati wa vita vya pili, walijenga mafunzo ya kurudisha lugha hatua kwa hatua. Kazi hiyo ilikuwa kubwa na yenye huruma, ila umbo lake lilikuwa la darasa: mwalimu, mwanafunzi, picha, zoezi, sahihisho. Mama na mke walikuwa wageni wa saa za kutembelea wagonjwa.

Mabadiliko yaliyowalenga wao yalianza kwa kitu kidogo, kijitabu cha maelezo kwa familia na marafiki kilichoandikwa New York mwaka 1958 na mtaalamu wa tiba ya usemi Martha Taylor, ambaye baadaye alijulikana kama Martha Taylor Sarno na mwaka 1987 akaanzisha chama cha kitaifa cha afasia cha Marekani. Hatua iliyofuata haikutoka hospitalini. Tarehe 17 Februari 1965 mwigizaji Patricia Neal, aliyekuwa ameshinda tuzo ya Oscar mwaka mmoja kabla, alipatwa na viharusi mfululizo mjini Los Angeles akiwa mjamzito, akazimia kwa karibu wiki 3, na alipozinduka hakuwa na maneno. Mumewe, mwandishi Roald Dahl, alimrudisha nyumbani kwao katika kijiji cha Great Missenden nchini Uingereza, akaona kwamba muda ambao hospitali ingeweza kumpa mgonjwa wake ni mdogo mno, na akapanga majirani waje kwa zamu hadi zitimie saa 6 kwa siku. Walikuja na walichokuwa nacho: picha, orodha za vitu vya dukani, hesabu, michezo ya mezani, habari za kijiji. Neal naye alitunga maneno ambayo hayamo katika lugha yoyote, na nyumba ikajifunza kuyaelewa. Sigara, kwa mfano, aliiita oblogon. Mwezi Agosti mwaka huo alijifungua salama, na mwaka 1968 ilitoka filamu aliyoigiza baada ya ugonjwa, akateuliwa tena kuwania Oscar.

Ukali wa Dahl umekosolewa, na si bila sababu, kwa kuwa saa 6 za kuulizwa maswali ni adhabu kwa mtu yeyote na Neal mwenyewe hakuficha kwamba alichoshwa. Ila ndani ya mpango huo palikuwa na vitu viwili vilivyochanganyika, mtihani na ugeni, na aliyevitenga ni mmoja wa majirani hao, Valerie Eaton Griffith, ambaye hakuwa amesomea tiba yoyote. Aliandika uzoefu wake katika kitabu cha mwaka 1970, na mwaka 1973, chini ya shirika la Uingereza lililoshughulikia magonjwa ya kifua, moyo na kiharusi, ukaanzishwa mpango wa watu wa kujitolea kuwatembelea wagonjwa majumbani. Mtu wa kujitolea hakuchukuliwa kama daktari mdogo. Kazi yake ilikuwa kuja, kukaa, na kupata la kufanya pamoja na mwenyeji. Wazo hilo halimshangazi Mswahili aliyezoea kwamba mgonjwa hutembelewa, lakini kuna tofauti moja inayofaa kutajwa: wageni wengi wa mgonjwa barazani huzungumza juu yake na mwenye nyumba, yeye akiwa katikati yao kama kiti.

Toronto ndiko mambo hayo yalikopewa utaratibu. Mwaka 1979 Pat Arato, ambaye mumewe alikuwa na afasia, alianzisha kituo cha watu wa namna hiyo ambao hospitali zilikuwa zimemalizana nao, na kituoni hapo mtaalamu Aura Kagan alijenga njia anayoiita mazungumzo yenye kusaidiwa, akaieleza kwa kirefu mwaka 1998. Kagan huifananisha na ule mteremko wa saruji unaojengwa mlangoni kwa ajili ya kiti cha magurudumu: miguu ya mwenye kiti haijapona, ila ameingia. Msingi wake ni kwamba mwenye afasia anajua zaidi ya anavyoweza kusema, na kwamba mzungumzaji mwenziwe ana kazi mbili, kumwonyesha kwamba ujuzi huo unatambuliwa, na kuusaidia utoke. Vifaa ni karatasi, kalamu nene, picha na mikono. Tuseme mgonjwa ananyoosha kidole mlangoni na kutoa sauti yenye haraka. Mwenziwe anaandika kwa herufi kubwa maneno matatu, MTU, MAHALI, KITU, na kumwacha aguse moja. Akigusa MTU, karatasi inayofuata ina majina ya watu wachache, na chini yake alama ya kuuliza kwa ajili ya yule ambaye hakutajwa. Jibu likipatikana halichukuliwi hivihivi, linarudishwa kwake kwa sentensi fupi ili alithibitishe au alikatae. Baina ya swali na swali kuna kimya, na kimya hicho ndicho sehemu ngumu kuliko zote kwa aliye mzima.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2001 na Kagan na wenzake lilichukua watu 40 wa kujitolea, kila mmoja akiwa na mwenye afasia wake, na kuwapa mafunzo hayo nusu yao tu. Waliofundishwa walizungumza vizuri zaidi, kama ilivyotazamiwa. Jambo zito ni kwamba wenye afasia waliozungumza nao pia walipimwa kuwa wameboreka, ilhali wao hawakufundishwa chochote, na ubongo wao ulikuwa uleule. Nadar angelitambua tokeo hilo.

Afrika Mashariki taaluma hii ni changa. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kutoa shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, na mwaka 2012 Mkenya Tom Abuom, pamoja na Roelien Bastiaanse wa Groningen, alichapisha uchunguzi wa usemi wa wenye afasia wanaozungumza Kiswahili na Kiingereza. Katika nyumba nyingi za pwani kiharusi bado huhusishwa na upepo mbaya au jini, na lugha yenyewe ina usemi wa kutisha, kwamba fulani amekata kauli, unaotumika kwa mgonjwa aliye karibu na kufa. Hivyo aliyenyamazishwa na kiharusi lakini ana miaka 10 ya kuishi anaweza kuanza kuagwa akiwa hai. Ajabu ni kwamba kukata kauli ni pia kuamua jambo, na kamusi huziweka maana hizo mbili pamoja.

Vifaa vya Toronto au London haviwezi kuhamishwa vilivyo, kwa sababu Kiswahili kina mitego yake. Anayeulizwa kama hataki kula anaweza kujibu ndiyo kwa maana kwamba kweli hataki, kwa hiyo swali la kukanusha linamtia mashakani hata aliye mzima, na kwa mwenye afasia linafaa kuepukwa: aulizwe kama anataka kula, kisha, peke yake, kama anataka wali. Kitenzi nacho hubeba mzigo mkubwa katika viungo vidogo, kwa kuwa katika alimletea mna mtendaji, wakati, mtendewa na kitendo, na hakuna kinachosema kama ni mwanamume au mwanamke, kaka au shangazi. Mgonjwa aliyefanikiwa kutoa leta peke yake amewaachia wenzake kazi ya kutafuta nani, lini na kwa nani, na hapo picha ya arusi iliyotundikwa ukutani, yenye jamaa wote waliosimama safu tatu, ikishushwa na kuwekwa mapajani mwake, inatosha kuwa kamusi: kidole cha mkono wa kushoto kitapita juu ya nyuso, kitapitiliza, kitarudi nyuma, na kusimama.